Allion imeshiba oili: mwezi wa nne

Kilomita 2,140 tangu nifunge upya injini ya Toyota Allion yangu baada ya kuifumua, na oili kwenye kijiti cha kupimia imeshuka upana wa ukucha. Leo asubuhi nimekipangusa na kukichovya mara tatu kabla ya kuamini. Mwezi wa kwanza gari hilihili lilikuwa linameza lita nzima kila kilomita 900, na mtungi wa oili haukutoka kwenye buti.

Injini ni 1ZZ ya Toyota, lita 1.8, ya mwaka 2004. Hadithi yake mnaijua: pistoni za matoleo ya mwanzo zina vitundu vidogo vya kurudishia oili, kaboni (masizi ya oili iliyoungua) ikiviziba, ringi ya oili, yaani pete ya pistoni inayokwangua oili ukutani mwa silinda, inakwama. Mimi pia nilikuwa naijua. Ndiyo maana naandika kwa aibu kidogo kwamba ilinichukua miezi mitatu kufika pale nilipopaswa kuanzia. Na kaboni yenyewe niliipika mimi, kwa kuahirisha kubadilisha oili hadi "mwisho wa mwezi", kila mwezi.

Kilichonipoteza ni mteremko wa Kericho. Tulikuwa tunatoka Nakuru kwenda Kisumu, shemeji yangu yuko nyuma na Probox yake. Kuanzia Kericho kushuka kuelekea Awasi niliweka gia ya 2 nikaachia mafuta, injini inashika gari yenyewe. Tulipoegesha Ahero kununua samaki akaja dirishani: "Shemeji, kule nyuma ulikuwa unafukiza mbu?" Kila nilipokanyaga mafuta baada ya kushuka kwa muda, wingu la buluu lilitoka.

Nikahukumu palepale: sili za valvu, vile vipira vinavyozuia oili isishuke kwenye shina la valvu. Ukiachia mafuta kwenye mteremko, mvuto ndani ya silinda unakuwa mkali na oili inafyonzwa kupitia shina la valvu. Ni kweli kabisa. Ila mvuto huohuo unafyonza oili kutoka chini pia, kupita kwenye ringi, na hilo sikutaka kulisikia. Sili ni kazi ya wikendi moja. Ringi ni kufumua kila kitu.

Kisha geji ya kompresheni, inayopima silinda inavyobana hewa, ikanitia kiburi. Silinda nne zilisoma psi 148, 150, 145 na 149. Kitabu cha ufundi kinataka 189 kwa injini isiyochoka, na isishuke chini ya 145. Fundi wa kwanza aliona 145 akaniambia nitafute injini nyingine. Lakini kitabu kinapima kwenye usawa wa bahari, na Nakuru tuko mita 1,850 hivi juu, ambako hewa ni kama asilimia 80 ya ile ya Mombasa. Ukipiga hesabu, injini isiyochoka hapa itasoma karibu 150. Nilitia kijiko cha oili kila silinda nikapima tena, namba zikapanda kidogo tu, maana yake ringi zinabana vizuri. Nikatembea na karatasi ya namba hizo siku mbili nikimwonyesha kila mtu.

Mzee wa gereji hakuichukua hata mkononi. "Kijana, moshi wa sili huisha kabla hujatoka getini. Wako unatoka nao mpaka Gilgil." Nikamwonyesha namba. Akasema ringi mbili za juu ndizo zinazoshika kompresheni, ya tatu kazi yake ni kukwangua oili tu, geji haiijui. Nikamshukuru, nikaenda kununua sili.

Nisiseme mengi kuhusu sili isipokuwa mambo mawili. Huhitaji kutoa hedi (kichwa cha injini chenye valvu): shusha pistoni, ingiza kamba kupitia tundu la plagi, kisha pandisha pistoni polepole mpaka kamba ibane valvu zisianguke. Tumia manila ya nailoni, si katani, maana katani inaacha nyuzi ndani. Na ziba kwa vitambaa kila tundu la kurudishia oili juu ya hedi. Mimi niliacha moja, kikufuli cha valvu (kichuma kidogo kinachoshika springi yake) kikaruka ndani, na saa mbili za Jumapili zikaishia kwenye kukivua kwa sumaku ya antena. Sumaku hiyo ndiyo kifaa bora nilichowahi kununua. Sikopeshi mtu.

Matokeo: lita moja kwa kilomita 1,050. Kazi yote hiyo, faida ya kilomita 150.

Mpango uliofuata ulikuwa kulowesha pistoni mara tatu, usiku kucha kila mara, kwa mchanganyiko wa mafuta ya taa na oili ya gia ya otomatiki. Nililowesha mara moja. Wakati nasubiri nikapata wazo la kuweka chupa ya kunasa oili kwenye mpira wa kupumulia injini, chupa ya jemu yenye stilwuli ndani, nikasahau kabisa habari ya kulowesha. Baada ya kilomita 600 chupa ilikuwa na kijiko kimoja na nusu cha uji wa kahawia, nusu yake maji. Basi, oili haipiti huko. Njia iliyobaki ni moja: ringi.

Nikatoa hedi na sampu (bakuli la oili chini ya injini), nikasukuma pistoni juu. Ringi mbili za juu zinacheza vizuri kama mpya. Ya oili, kwenye pistoni zote nne, imeganda kwenye mfereji wake kana kwamba imechomelewa. Vitundu nyuma yake sikuviona mpaka nilipokwangua kwa kipande cha ringi kuukuu. Nilikaa na pistoni namba 3 mkononi kwa muda mrefu, nikiikumbuka ile karatasi yangu.

Mashine shopu walinipanulia vitundu na kuhoni silinda, yaani kuzikwaruza kidogo ndani kwa jiwe. Ringi mpya, nafasi kati ya ncha zake zikapimwa kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia) moja baada ya nyingine. Bolti za hedi hizi hukazwa kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) kisha nyuzi 90 zaidi, yaani robo mzunguko, na anayekaza kwa kusikiliza mkono wake asiniguse injini. Toki renchi ya kuazima, ipime dhidi ya nyingine kwanza. Niliyopewa ilikuwa inadanganya.

Nilipompelekea mzee gari likinguruma, alipitisha kiganja nyuma ya ekzosi, akakinusa, akainama. Akanyoosha kidole chini ya injini.

Tone. Silikoni ya sampu niliipaka nyembamba. Tangu Jumanne nimetandika katoni chini, na Jumamosi nashusha sampu tena.