Helmeti ya lami na vumbi

Hatimaye nimenunua helmeti mpya ya pikipiki! Ile ya zamani ilikuwa ya motokrosi, mbio za pikipiki nje ya lami, ukingo wa mbele mrefu. Nikishika kasi Thika Road upepo unaudaka, shingo inavutwa nyuma, nafika Juja naumwa hadi mabegani. Hii ukingo wake ni mfupi, una matundu ya kupitisha upepo, na naweza kuufungua na kuutoa. Kioo kikipanda, miwani ya vumbi inaenea vizuri. Nikiacha lami kule upande wa Magadi naihitaji sana.

Lebo ya ECE 22.06, kiwango cha usalama wa helmeti, niliitafuta kwanza, rangi baadaye. Kisha nikaivaa dakika 20 palepale dukani. Mashavu yalibanwa, paji la uso halikuuma. Nikatikisa kichwa, ikafuata bila kuteleza. Nikalipa.