Siku moja maishani mwangu: mizani, mitungi na tyubu isiyo na jina

Saa 1:30 asubuhi. Nafungua mlango wa chumba chetu cha tiba ya Kichina hapa Mwanga, Kigoma, nafagia, nawasha jiko la mkaa uani. Kazi yangu ni kupima dawa na kumtafsiria Daktari, Mchina wa makamo ambaye Kiswahili chake kinatosha salamu na bei ya migebuka. Ukutani kuna cheti chake cha Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lile lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2002. Wateja hawakitazami. Macho yao yote yako kwenye mitungi.

Saa 2:00. Nahakiki kilichopungua, maana mzigo unatoka Dar kwa basi. Kushen inakaribia kuisha: mizizi iliyokatwa vipande vya mshazari, njano kwa ndani, michungu kushinda mwarobaini. Difuzi bado ipo, vitunda vidogo vyenye umbo la nyota. Halafu kuna chantui, na hapo ndipo maswali yanapoanza. Ni maganda ya nyenje, yale anayoyavua akikua: mepesi, ya kahawia, mpaka makucha ya miguu yanaonekana. Wachina wanayatumia kwa ngozi inayowasha. Mteja mgeni akiyaona hudhani namtania.

Saa 3:00. Mama kutoka Ujiji na mwanawe mwenye pumu ya ngozi, mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti imekwaruzwa hadi imekuwa migumu. Daktari anamwangalia mtoto ulimi, anamshika mapigo ya mkono, anasema ni joto na unyevu, kwa lugha ya tiba ya Kichina. Sehemu hiyo hainipi shida kuitafsiri. Shida ni chombo. Dawa ya kuogea ichemshwe kwenye chungu, si sufuria ya alumini, na mama anasema chungu alichonacho ni cha kupikia maharage.

"Basi tafuta kingine, mama. Loweka nusu saa, chemsha, chuja, ipoe kabisa ndiyo umwogeshe. Penye kidonda usiguse. Akishakauka umpake mafuta ya mgando."

"Na ile ya hospitali niache?"

"Usiache."

Namwambia pia kwamba pumu ya ngozi hutulia na kurudi. Hafurahi kusikia hivyo, lakini afadhali alisikie hapa kuliko kuambiwa inapona moja kwa moja.

Saa 5:00. Ni siku za mbalamwezi, wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani, kwa hiyo benchi limejaa vijana wa Kibirizi. Mmoja anasubiri wenzake watoke ndipo anaingia. Anatoa mfukoni tyubu iliyokunjwa kuanzia mkiani hadi karibu na mdomo, ina herufi za Kichina na picha ya jani. Kaiuziwa na mchuuzi. Alikuwa na kibarango kimoja pajani. Alipopaka, muwasho uliisha siku ya pili tu. Alipoacha ukarudi, akapaka tena, na sasa umefika kiunoni, na kingo zake hazieleweki tena.

Daktari anasoma boksi mbele na nyuma. Ni majina ya mimea tu. Anainusa krimu, anaisugua kati ya vidole, anatikisa kichwa.

"Dada, hii ndiyo pekee iliyonituliza," kijana ananiambia.

"Ndiyo maana naiogopa."

Namweleza. Mwaka 1999 madaktari wa Uingereza walichapisha matokeo ya kupima krimu 11 za mitishamba ya Kichina walizokuwa wakipaka wagonjwa wa ngozi. Krimu 8 zilikutwa na dexamethasone, steroidi ya kiwandani. Steroidi inazima muwasho upesi, lakini inalegeza ulinzi wa ngozi, na fangasi wanatambaa kwa raha zao. Ya kwake hatujui ina nini, sisi hatuna maabara. Dawa yetu hapewi leo. Daktari anamwandikia karatasi aende hospitali ya mkoa, Maweni, wakwangue magamba na kuyaangalia kwa hadubini. Kijana anaipokea shingo upande.

Saa 7:00. Ugali wa muhogo kwa dagaa. Jirani fundi simu ananichokoza kuwa dawa za Kichina ni majani tu. Namuuliza dawa ya mseto anayomeza akiugua malaria ilianzia wapi. Ilianzia kwenye qinghao, mmea wa dawa wa Kichina, na mwanasayansi wa huko, Tu Youyou, akapata Nobel mwaka 2015. Ila sijidanganyi: majani ya kutibu ngozi hayajafika huko. London mwaka 1992 chai ya mitishamba ilionekana kusaidia pumu ya ngozi, baadaye Hong Kong wakaijaribu wasione tofauti na dawa ya kulinganishia isiyo na kitu ndani.

Saa 9:00. Mzee mwenye soriasisi, ugonjwa wa ngozi wa mabaka yenye magamba, anataka dawa kali ya kunywa. Daktari anafikiria baixianpi, lakini mmea huo umetajwa mara kadhaa katika ripoti za wagonjwa walioumia ini. Kwanza apime ini. Mzee ananung'unika kwamba kwa mganga wa kwao hapimwi kitu.

Saa 11:00. Nikiwa nafunga mitungi anaingia mchuuzi na katoni ya tyubu zenye jani lilelile. Anataka tuwauzie wateja wetu kwa sababu hapa pana Mchina, watu wataamini. Daktari anamjibu kwa Kichina kirefu. Mimi natafsiri kwa ufupi: hapana. Anashusha bei, anashusha tena, kisha anabeba katoni yake na kuvuka barabara kwenda duka la vipodozi. Namfuata. Mwenye duka ananisikiliza mpaka mwisho, anakubali kwamba maneno yangu ni ya kweli, na anachukua dazeni mbili. Wateja wanaiulizia, anasema.