Mshale haukuwa na kosa: nilivyosahihisha spidomita ya Prado yangu

Trafiki wa tochi ya kupimia mwendo alinisimamisha nikiingia Gairo, kwenye kibao cha 50. "Mzee, ulikuwa na 54," akasema, akanigeuzia kioo cha tochi nione mwenyewe. Nami mshale nilikuwa nauangalia muda wote, maana pale napajua. Ulikuwa umelala juu ya 50. Nikapokea karatasi yangu ya elfu thelathini, nikaondoka kimya, ila njia nzima hadi Dodoma nikawa najiuliza nani kati yetu anadanganywa.

Prado yenyewe ni ya 1998. Kwa ajili ya njia ya shamba nilikuwa nimeivua tairi za 265/70R16 nikaivika 285/75R16, kubwa zaidi. Nilifurahia urefu, spidomita sikuikumbuka kabisa.

Fundi wangu alikuwa na jibu tayari. "Bosi, tunafungua dashi, tunang'oa mshale, tunaurudisha mbele kidogo. Nusu saa tu." Nilimwomba asubiri kwanza. Siku iliyofuata nilimbeba kijana wangu, yeye akisoma GPS ya simu, mimi nikisoma dashi, kwenye barabara tambarare na mwendo usiobadilika. Dashi 40, simu 43. Dashi 60, simu 64. Dashi 80, simu 86. Halafu tukafuata vibao vya kilomita: kilomita 20 za barabara, kihesabu kikaandika 18.6.

Hapo ndipo jambo lilipofunguka. Mshale uliobandikwa vibaya hukosea kwa kiasi kilekile karibu kila mahali, na kihesabu cha kilomita hakiguswi, kwa sababu hakiutazami mshale. Kwangu kosa lilikuwa linakua pamoja na mwendo, na kihesabu nacho kilikuwa kinapunja. Kwa hiyo mshale ulikuwa unasema kweli kuhusu taarifa ya uongo uliyoletewa.

Taarifa hiyo inatoka chini. Gari za zamani zaidi zilikuwa na kebo inayozunguka hadi kwenye dashi. Hizi za kizazi cha katikati zina sensa, yaani kifaa cha kuhisi mzunguko, upande wa nyuma wa giaboksi, inayozungushwa na kigia kidogo cha plastiki. Ina waya tatu: umeme, ethi (hasi) na ishara. Ishara ni umeme unaowaka na kuzima, mara nne kwa kila mzunguko wa sensa. Kwa kipimo cha Kijapani, sensa huzunguka mara 637 kwa kila kilomita, yaani mapigo 2,548. Dashi inahesabu mapigo, basi. Haijui tairi lina ukubwa gani, wala kwamba tairi kubwa husogea mbali zaidi kwa kila mzunguko.

Kipenyo cha tairi za mwanzo ni milimita 777, cha hizi mpya 834. Gawanya: zaidi kwa asilimia 7 na kidogo. Kilomita 20 gawanya kwa 1.073 unapata 18.6, ileile ya kihesabu. Nilicheka peke yangu barazani.

Kabla ya kununua chochote nilitaka uhakika kwamba sensa haipotezi mapigo. Tuliichomoa, tukaiacha kwenye soketi yake, swichi ikiwa imewashwa, tukaweka testa kwenye waya wa ishara na kuzungusha kile kigia kwa vidole polepole. Volti zilipanda na kushuka mara nne kila mzunguko. Nzima. (Kama mshale wako unacheza au unakufa ghafla, anzia hapa, na uangalie soketi kama ina tope na kutu, kabla hujauziwa dashi ya mtumba yenye kilomita za gari la mtu mwingine.)

Dawa zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kubadili kigia: chenye meno machache huizungusha sensa haraka zaidi, kwa mfano 31 mahali pa 33 hukupa asilimia 6 na nusu. Nilizunguka Ilala, Dar es Salaam, siku mbili kwenye maduka ya spea, nikakata tamaa. Ya pili ni kiboksi kidogo cha elektroniki kinachokatiza waya wa ishara kabla haujafika kwenye dashi na kuzidisha mapigo kwa kiasi unachokipanga. Nikaagiza hicho. Kukifunga kulichukua saa moja, na nusu yake fundi alikuwa ananung'unikia mshale wake.

Nilikipanga asilimia 7. Kilomita 20 za vibao zikasomeka 20 kasoro punje, na 80 ya dashi ikawa 80 ya simu. Ningeweza kuongeza kidogo ili mshale uzidishe, kama viwanda vinavyofanya makusudi, lakini kihesabu nacho kingezidisha. Afadhali niende 48 pale Gairo.

Kilichobaki ni kilomita zilizopotea. Tangu nivike tairi hizi dashi ilikuwa imehesabu 22,000. Kwa kweli ni kama 23,600, na oili nilikuwa naibadilisha nikidhani bado mapema. Nimeyaandika hayo kwa kalamu ya wino kwenye kadi ya sevisi, chini ya tarehe. Atakayeinunua atayakuta.