Miti ya miombo Tabora: spishi nne si sawa na spishi nne

Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wakiingia kwenye misitu ya miombo ya Tabora hukimbilia kuorodhesha majina. Orodha pekee haipimi bioanuwai, yaani wingi wa spishi (aina za viumbe) na jinsi idadi zao zinavyogawanyika.

Weka ploti, yaani kipande cha msitu cha kupimia, ya mita 20 kwa 20, kisha pima kona hadi kona ya mkabala, pande zote mbili: kila kipimo kiwe mita 28.3. Vikitofautiana, ploti imepinda. Mzingo wa shina pima mita 1.3 kutoka ardhini, gawa kwa 3.14 upate kipenyo. Chukua miti yenye kipenyo cha sentimita 10 na zaidi. Mti uliogawanyika chini ya kimo hicho cha mita 1.3 uhesabu mmoja, tafadhali, hata ukiwa na mashina matano.

Kiangazi majani hupukutika, hivyo kutambua spishi tafuta matunda. La mninga ni duara, lina bawa pembeni na miiba katikati.

Sasa tuchukue mfano wa ploti mbili, kila moja miti 20: mtundu, muba, myombo, mninga. Ya kwanza ina mitano ya kila spishi. Ya pili ina mitundu 17, spishi nyingine mti mmoja mmoja. Gawa idadi ya kila spishi kwa 20, zidisha jibu kwa lenyewe, jumlisha yote, toa jumla kwenye 1. Fahirisi hii ya Simpson, kipimo cha bioanuwai, inatoa 0.75 kwa ya kwanza, 0.27 kwa ya pili: namba kubwa ni bioanuwai kubwa zaidi.