Gongo ni Mguu

Desemba 2006 nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo. Kwetu msichana anayesubiri matokeo haachwi akae bure. Anatafutiwa watoto wa kulea. Nikafungashwa kwenda Mwananyamala kwa dada yangu, ambaye alikuwa akitoka alfajiri kuwahi daladala na kurudi usiku. Nikabaki na wanawe wawili, pamoja na watoto wengine wote wa nyumba ile ya wapangaji sita, maana ukishaonekana umekaa barazani huna kazi, kila mama anayetoka anakuachia na wake.

Mwaka ule ulikuwa wa mgawo wa umeme. Televisheni ya dada ilikuwa pambo la kufunikwa kitambaa. Watoto walikwisha zoea kushinda nje, na hata umeme uliporudi hawakukumbuka kuingia ndani. Wavulana walikuwa na chandimu yao kwenye kiwanja cha mtu ambaye hajajenga. Mbrazili Marcio Maximo alikuwa amekabidhiwa Taifa Stars miezi michache nyuma, na kila kitoto cha mtaa ule kilijiona kinangoja kuitwa kambini.

Nyuma ya goli la mawe mawili palikuwa na ukuta, na chini ya ukuta rundo la ndala, yeboyebo na mashati. Kando ya rundo, juu ya tofali, alikaa mvulana wa miaka kama kumi na mmoja, gongo limelala magotini. Mguu wake wa kushoto ulikuwa mwembamba kuliko mwenzake na haukuwa ukibeba uzito. Mama yake, mpangaji wa chumba cha uani, aliwahi kuniambia ni sindano ya utotoni. Hakuendelea, nami sikumchokonoa. Wenzake walimwita Stoo. Kila aliyevua kitu alikiacha kwake, na kilichoachwa kwa Stoo hakikupotea.

Mimi jambo lile lilinikera. Siku tatu nzima niliangalia watoto kumi na wanne wakikimbia na mmoja akilinda ndala. Siku ya nne nikaamka na msimamo wa mtu wa miaka kumi na nane aliyesoma uraia. Nikawaita wavulana, nikawapa hotuba, nikaahidi barafu za ukwaju kwa wote iwapo Stoo atacheza. Walikubali upesi kuliko nilivyotarajia. Kwa barafu, hata mimi ningekubali.

Wakamweka mbele. Mpira ukawa unamfuata yeye kama mkojo wa ng'ombe unavyofuata mteremko. Akiugusa, mabeki wanasimama. Mara ya tatu golikipa alijitupa upande usiokuwa na mpira, tena kwa madaha, mpira ukapita polepole katikati ya mawe. Wakamzunguka, wakambeba juu, wakaimba. Mimi pale barazani nilikuwa napiga makofi, machozi yananilenga. Walipomshusha aliokota gongo lake, akaja moja kwa moja mpaka mbele yangu.

"Anti, wamenipisha."

Hakungoja jibu. Alirudi kwenye tofali lake, na barafu yake akampa mtoto wa jirani. Kesho yake hakutoka nje kabisa, na vile viatu vikakaa vyenyewe.

Nilimkuta keshokutwa nyuma ya choo cha uani, na yeye hakuniona. Msimu wa embe ulikuwa umepamba moto na mwembe wa jirani ulikuwa umeinamia kwetu. Stoo alisimama kaegemea gongo kwapani, kipande cha tofali mkononi. Alipima, mkono ukarudi nyuma kabisa ya sikio, halafu ukapita kama mjeledi. Dodo likaanguka. Si lililo chini, lile la juu kabisa lililoanza kupiga wekundu. Akapima tena, likaanguka la pili. Nilitazama mabega yake, nikaona kitu ambacho siku zote kilikuwa mbele ya macho yangu: mtoto anayetembea kwa gongo tangu akiwa mdogo anakuwa na mkono wa mvuvi.

Nikamwuliza, mara ya kwanza tangu nifike pale, yeye anapenda kucheza nini.

"Rede."

"Rede ya wasichana?" Ndiyo, nilisema hivyo. Mimi niliyetoa hotuba.

Akanyanyua bega. "Mpira wa miguu siupendi. Pale nakaa kwa sababu ndiko waliko wenzangu."

Kwa asiyecheza rede utotoni, au aliyeicheza kwa sheria za mtaa mwingine, yetu ilikuwa hivi. Warushaji wawili wanasimama huku na huku, kundi linakaa kati. Ukipigwa na mpira umekufa, unatoka. Katikati pana chupa tupu, na walio kati wanaijaza mchanga kwa viganja huku wakikwepa. Ikijaa, ukaimwaga bila kupigwa, wafu wote wanafufuka. Mpira ni soksi iliyoshindiliwa matambara na vipande vya sponji, ikafungwa kwa mpira wa tairi la baiskeli. Ukikupata mgongoni ulikolowa jasho, jina la aliyerusha hulisahau.

Binti wa dada yangu, miaka tisa, ndiye aliyekuwa mkuu wa rede mtaani. Sikumpa hotuba wala ahadi ya barafu. Nilimwambia tu Stoo anataka kucheza. Alimtazama kuanzia juu mpaka chini kama mama anayechagua samaki Feri, akauliza, "Unajua kurusha?" Stoo akauokota mpira, akaipiga chupa iliyokuwa mbali, ikaruka ikatua karibu na karo. Basi, akaingia.

Akiwa mrushaji hakuna aliyedumu. Wasichana walikuwa wakipiga mayowe kabla hajaachia. Shida ilikuja zamu yake ya kukaa kati. Mpira wa kwanza aliukwepa kwa kuzunguka juu ya gongo kama mlango kwenye bawaba. Wa pili uligonga gongo, pa!

"Amekufa!"

"Hajafa, ule ni mti!"

"Basi na mimi nishike mti!"

Mchezo ukasimama. Wengine walisema gongo si mwili, wengine wakasema akiachiwa atalitumia kukingia kila mpira, na kusema kweli hao walikuwa na hoja, maana nilikwisha muona akianza kulitega makusudi. Nilikuwa nimesimama tayari. Neno lilikuwa mdomoni: mwacheni, mwoneeni huruma. Sijui nini kilinizuia. Nadhani nilikumbuka ile "wamenipisha". Nikakaa, nikaendelea kuchambua mchele.

Stoo ndiye aliyemaliza. "Gongo ni mguu wangu. Limepigwa, nimekufa." Akatoka, akasimama na wafu wengine.

Lakini hakuwa mjinga. Chupa ilipojazwa na wafu wakafufuka, alirudi na madai. Yeye hawezi kuinama kuchota mchanga akiwa amesimama, lazima akae chini. Kwa hiyo akikaa, warushaji warudi nyuma.

"Hatua mbili," alisema binti wa dada.

"Sita."

"Sita? Tutarushia Tandale? Tatu."

"Tano."

Wakapatana nne, wakachora mstari mpya kwa ncha ya gongo. Tangu siku ile rede ya mtaa wetu ilikuwa na mistari miwili kila upande, na nilipowatembelea miaka miwili baadaye niliwakuta watoto wadogo, wasiojua asili yake, wanaitumia kwa yeyote anayeamua kujaza chupa akiwa amekaa. Kuna msichana mnene ambaye kabla ya hapo alikuwa akifa mpira wa kwanza kila siku. Yeye ndiye aliyenufaika kuliko wote. Anakaa, anajifunika kichwa kwa mkono mmoja, mwingine unachota kama koleo.

Leo mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nikiwa chuoni nilifundishwa kwamba Shirika la Afya Duniani linataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate dakika 60 za kutokwa jasho kila siku. Nilicheka peke yangu: Stoo alizimaliza kabla ya saa nne asubuhi. Baadaye nikasoma kuhusu voliboli ya kukaa, iliyoanzia Uholanzi mwaka 1956 na ikaingia michezo ya Paralimpiki mwaka 1980. Wavu wa wanaume una kimo cha mita 1.15 tu, na anayegusa mpira makalio yasibanduke chini. Mle ndani sheria ni kali na anayebanduka anaadhibiwa, hapishwi. Nikamwona Stoo kakaa mchangani, anateleza kwa mikono huku na huku, chupa kaibana kati ya mapaja.

Wavulana? Siku ya kwanza walicheka. Ya pili walikuja kucheka kwa karibu. Ya tatu golikipa, yule yule wa kujitupa kwa madaha, akaomba namba, akaambiwa apange foleni nyuma ya watoto wa chekechea. Alipoingia, Stoo alikuwa mrushaji. Alimpiga mara moja, paja la kulia, na sauti ya mpira ilisikika mpaka chumbani kwa mama yake Stoo, aliyekuwa akiosha bakuli za vitumbua. Alitoka na mikono ina povu kuangalia kulikoni, akasimama mlangoni muda mrefu, povu likimkaukia.

Jioni ile wakati wa kutawanyika pakazuka kelele upande wa ukuta. Yeboyebo moja haionekani, ya kushoto, ya bluu. Mwenyewe alikuja analia mpaka kwenye mstari wa rede.

"Stoo! Yeboyebo yangu iko wapi?"

Stoo alikuwa amekaa chini, chupa imebakiza vidole viwili kujaa, macho kwa mrushaji.

"Niko kati," alisema. "Kaitafute."