Beseni la kijani nyuma ya nyumba

Kila asubuhi, kabla sijainjika chai, nakoroga beseni langu la spirulina, vijiumbe vya kijani vinavyoota majini, nyuma ya nyumba, hapa Nakuru. Ni maji, magadi soda, chumvi, mbolea kidogo na mbegu niliyopewa na rafiki kwenye chupa ya soda. Maji yakikolea rangi nachuja kwa kitambaa, nabaki na uji mzito wa kijani.

Hiki ndicho chakula cha heroe. Utotoni mwangu ufuo wa ziwa ulikuwa waridi mtupu. Halafu ziwa likajaa, magadi yakazimuliwa, spirulina ikapungua, na heroe wengi wakahamia Ziwa Bogoria na kwingineko.

Nilipojua kwamba kiumbe hikihiki kinaandaliwa kwa safari za Mirihi, sikulala. Mtu mmoja hutumia takriban gramu 840 za oksijeni kwa siku, na kwenda Mirihi na kurudi ni karibu miaka mitatu. Shehena hiyo haibebeki. Ndiyo maana Shirika la Anga za Juu la Ulaya lina mradi wa MELiSSA tangu 1989: bakteria wanaozesha kinyesi, wengine wanageuza amonia ya mkojo kuwa nitrati, nitrati inailisha spirulina, nayo inafyonza kaboni dioksidi, inarudisha oksijeni, kisha inaliwa. Huko Universitat Autònoma de Barcelona, panya wa maabara wamepumua hewa iliyotengenezwa hivyo, na mwanga unaoimulika spirulina huongezwa au kupunguzwa kulingana na oksijeni wanayohitaji. Desemba 2017 spirulina ikapelekwa hadi Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu. Ikaota, ikatoa oksijeni.

Ninachokiwazia mimi ni siku itakapougua. Mwezi wa nne mvua ya usiku iliingia kwenye beseni langu. Siku ya tatu maji yalikuwa ya njano, uchafu umetuama chini, na harufu siwezi kuisahau. Nilirudi kwa rafiki yangu, akanipa mbegu nyingine. Heroe nao walikuwa na Bogoria. Aliye nusu ya njia kuelekea Mirihi atabisha mlango wa nani? Kwangu mimi, kazi ya kugundua ugonjwa huo mapema, siku mbili kabla rangi haijabadilika, ina uzito sawa na kazi ya kuunda roketi yenyewe.

Tangu mvua ile napima maji kila asubuhi kwa karatasi za pH, zinazoonyesha ukali wa asidi au magadi, na kuandika kwenye daftari. Leo ni 10, na rangi imekolea vizuri.