Mkono Haukuwa na Kosa

Usiku ule Mama hakutaja kifua hata mara moja. Alichosema ni mkono: wa kushoto, upande wa ndani, kuanzia kwapani kushuka hadi kidole kidogo, mzito na unabana. "Nimeulalia vibaya," akasema. "Nikande tu kwa maji ya moto, mwanangu."

Nikaushika. Nikabonyeza bega, kiwiko, kifundo, nikimwuliza: hapa? Hapa je? Akawa anatikisa kichwa. Nikaunyanyua, nikaukunja, nikauzungusha begani. Maumivu hayakuzidi wala hayakupungua. Hapo nikaingiwa na hofu ya kweli, maana msuli uliovutika hujitaja wenyewe ukiguswa. Paji la uso lilikuwa limelowa jasho, na chumba kilikuwa baridi. Kichefuchefu nacho kilikuwa kinampanda, na taya linamkaza.

"Mama, twende hospitali sasa hivi."

"Kwa mkono tu? Ngoja kukuche."

Nikapiga simu ya dharura. Aliyepokea akauliza kama Mama ana mzio wa aspirini au amewahi kutokwa na damu tumboni, kisha akaagiza nimpe moja aitafune, asiimeze nzima, na asitembee.

Kipimo cha kwanza cha umeme wa moyo hakikuonyesha kitu cha wazi. Nilidhani tungerudishwa nyumbani. Daktari hakukubali, na namshukuru mpaka leo. Alikirudia, akapima damu kutafuta troponini, protini inayovuja kutoka kwenye msuli wa moyo unaoumia, na saa chache baadaye akapima tena. Safari hii ilikuwa imepanda. Mshipa mmoja wa moyo ulikuwa karibu kuziba kabisa. Wakauzibua na kuweka stenti, kijibomba cha wavu kinachouweka mshipa wazi.

Nikamwuliza daktari mkono umeingiaje hapo. Akanigusa mgongoni, chini kidogo ya shingo. Neva za moyo na zile za upande wa ndani wa mkono, alisema, huingia kwenye uti wa mgongo karibu mahali pamoja, hivyo ubongo unaweza kudhani mkono ndio unaouma. Akaongeza kuwa wanawake, wazee na wenye kisukari ndio hasa wanaoweza kupata shambulio la moyo bila maumivu makali ya kifua.

Baadaye dada yangu naye akanipigia, sauti inamtetemeka: mkono unamuuma. Nikamwuliza yaleyale. Wake ulikuwa unakufa ganzi usiku, kidole gumba hadi cha kati, na akiukung'uta anapata nafuu. Hana jasho, pumzi iko sawa. Nikamwambia atulie, aende kliniki kesho yake. Huko wakamkuta na neva iliyobanwa kwenye kifundo cha mkono. Ila nilimsisitizia: mkono ukilegea ghafla, au ukivimba na kubadilika rangi, asingoje hiyo kesho.